Mkeka na Aila: Tarehe ya Ususi katika Uwanda wa Unguja

Waandishi wa tarehe ya Unguja na Pemba wamemimina wino mwingi juu ya masultani, majahazi, biashara ya watumwa na karafuu, wala hawakukosea, maana hayo ndiyo yaliyovipatia visiwa hivi jina katika masoko ya dunia. Walakini msomaji mwenye subira, akiifuata karafuu tangu ikiwa tawini mpaka ilipopimwa forodhani, ataona kwamba ilianikwa siku kadhaa juu ya jamvi, ikakunjwa ndani ya jamvi hilo hilo jua lilipokuchwa au mvua ilipotishia, ikachukuliwa kwa kanda au kwa pakacha, na kwamba jamvi, kanda na pakacha havikuota shambani pamoja na mkarafuu. Vilisukwa. Na aliyevisuka aghalabu alikuwa mwanamke wa kijiji kisichokuwa na mkarafuu hata mmoja, ambaye jina lake halimo katika daftari za forodha wala katika barua za mabalozi. Kusudi la makala haya ni kuizungumza kazi hiyo, na hasa namna ilivyofanywa kwa kukaa pamoja, kwa kuwa naona kwamba kikao cha wasusi kilikuwa, kwa muda mrefu sana, hazina na baraza la sulhu na madrasa ya aila za uwandani, na kwamba kukitaja kuwa ni pumbao la wanawake ni kupungukiwa na insafu.

Kisiwa cha Unguja kina pande mbili zisizolingana kwa rutuba. Upande wa magharibi na sehemu za kati zina udongo mwingi, na huko ndiko yalikoenea mashamba makubwa ya minazi na mikarafuu katika karne ya 19, tangu zama Saleh bin Haramil al-Abri aliposifika kuleta mche wa karafuu hata zama Sayyid Said bin Sultan alipowaamrisha wenye mashamba kupanda. Upande wa mashariki na kusini, kutoka Chwaka kupita Bwejuu, Paje na Jambiani hata Makunduchi na Kizimkazi, ni uwanda: jiwe la matumbawe limejitokeza juu, udongo umejificha katika vishimo, na mkulima hupanda mtama, muhogo na choroko pale jembe linapopata pa kuingia, kisha hupaacha mahali hapo pakapumzika miaka kadhaa kabla hajaparudia. Watu wa huko, ambao vitabu vya zamani huwaita Wahadimu, walikuwa chini ya Mwinyi Mkuu wa Dunga, na kwa mkono wake walitozwa kodi iliyokwenda kwa Sultani. Na kodi hailipwi kwa muhogo. Nguo, chuma, mchele wa sikukuu na mahari vilitaka fedha vilevile. Basi ilibidi nchi isiyotoa karafuu itoe kitu kingine, na kitu hicho kilikuwapo kichakani na pwani: ukindu, miyaa ya mkoche, na makumbi ya nazi.

Ukale wa sanaa hii hauna shaka. Kitabu kidogo cha Kiyunani cha karne ya kwanza ya Miladi, kiitwacho Periplus, kinachoelezea safari za mwambao huu, chataja kisiwa kinachoitwa Menouthias, ambacho wataalamu wangali wakibishana kama ni Pemba, Unguja au Mafia, na chasema kwamba wenyeji wake walikuwa na vyombo vya kushonwa na walivua kwa vikapu vilivyosukwa. Mvuvi wa leo mwenye dema lake hahitaji kufafanuliwa maneno hayo. Ibn Battuta, aliyelala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331 akielekea Kilwa, aliandika kwamba mlangoni mwa kila msikiti palikuwa na kisima cha kutawadhia na kipande cha mkeka mnene, ambacho mtu hupangusia miguu kabla hajaingia. Na Wareno waliokuja na Vasco da Gama mwaka 1498 waliona huko Msumbiji vyombo visivyo na msumari hata mmoja, mbao zake zimefungwa kwa kamba, na matanga yake ni mikeka. Katika habari hizi tatu, zilizoachana kwa karne nyingi, wageni waliona vitu vyenyewe, wakavistaajabia au wakavidharau, na hapana mmoja wao aliyeuliza nani kavisuka. Msikiti wa Kizimkazi, ambao maandiko ya Kikufi katika kibla chake yanataja mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 wa Miladi, ulihitaji bila shaka kitu cha kusujudia juu yake, na ule uwanda wa mikindu uko nyuma yake hata leo.

Nieleze sasa kazi yenyewe, kwa kuwa bila ya kuijua mtu hataelewa kwa nini ilifanywa kwa kikao. Ukindu hukatwa ungali mchanga, kuti halijafunguka, maana likishafunguka hukakamaa na kuvunjika. Huanikwa juani na umandeni mpaka ukawa mweupe, kisha huchanwa kwa ukucha au kwa ncha ya kisu kuwa chane za upana mmoja, na hapo ndipo msusi mzuri anapoanza kutofautikana na msusi mbaya, kwa kuwa chane zisizolingana huuharibu ukili kabla haujaanza. Chane za rangi huchemshwa katika chungu pamoja na dawa yake: mdaa kwa weusi, manjano kwa umanjano, gome la mkoko kwa wekundu wa hudhurungi, mpaka zilipokuja rangi za unga za madukani, ambazo ni kali zaidi kwa macho na hupauka upesi zaidi. Kisha husukwa ukili, nao ni ukanda mwembamba usiokuwa na mwisho ila pale msusi anapoamua kuukata, wa pima nyingi, unaoviringishwa kadiri unavyoongezeka. Na ukili ukitosha hushonwa, ubavu kwa ubavu, ukizungushwa mpaka mkeka ukatimia na kutiwa pindo.

Katika hatua zote hizo, kusuka ndiko kunakochukua siku, na kusuka hakutaki macho yote wala akili yote, maana mikono ikishazoea huenda yenyewe. Mwanamke aweza kusuka akitembea njiani kwenda kisimani, akimliwaza mtoto mapajani, akingoja chungu kichemke, akisikiliza na akisema. Kazi ya kulima humtawanya kila mtu kwenye kishimo chake cha udongo. Kazi ya kuvua huwapeleka wanaume baharini, na upepo ukivuma hapana anayemsikia mwenzake. Lakini kazi ya ukili ilikuwa kana kwamba imeumbwa kwa ajili ya mazungumzo. Baada ya adhuhuri, vyombo vya chakula vilipokwisha oshwa, wanawake wa nyumba tano au sita walikusanyika ukumbini au chini ya mti, kila mmoja na kifurushi chake cha chane kilichofunikwa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ili zisikauke, wakakaa mpaka alasiri; na usiku, pale mafuta ya kibatari yaliporuhusu, kikao kilirudi ndani, watoto wakiwa wamelala pembeni au wakijifanya wamelala, na hekaya zikaanza kwa paukwa na pakawa.

Mtoto wa kike aliingia kikaoni akiwa na miaka sita au saba. Hakufundishwa kwa maneno. Alipewa chane zilizobaki akasuka kipepeo kibaya, kikafumuliwa mbele yake, akasuka tena; na huku mikono ikijifunza, masikio yake yalikuwa yakisikia nani ni mjukuu wa nani, shamba lipi liligawanywa vipi alipokufa babu yao, dawa ya mchango ni mzizi gani, na kwa nini nyumba fulani haioani na nyumba fulani. Mafunzo ya kungwi, ambayo wageni wengi wameyaandika kwa udadisi usiokuwa na staha, yalikuwa ya siku chache tu wakati wa kubaleghe. Mafunzo ya kikao cha ukili yalikuwa ya miaka kumi, na naamini kwamba sehemu kubwa ya adabu ya nyumba, namna ya kupokea wageni, namna ya kumzungumza mkwe, namna ya kunyamaza, ilitoka huku.

Kadhalika kikao kilikuwa mahali pa kusuluhisha. Mke aliyegombana na mumewe hakwenda mbio kwa kadhi, ambaye yuko mbali na ambaye mbele yake maneno huwa mazito kuliko yalivyokusudiwa. Alikwenda na ukili wake kukaa kwa mama mkubwa au kwa shangazi wa mumewe, na pasipo yeyote kuuliza, habari ilitoka kidogo kidogo baina ya chane na chane, mpaka mmoja wa wazee akasema nitamwona mwanangu jioni. Sisemi kwamba sulhu ilipatikana daima, wala sisemi kwamba kikao hakikuwa pia kiwanda cha fitina, maana midomo inayosema alasiri nzima haiwezi kusema heri tupu. Lakini mji mdogo usio na mahali pa kusema huwa na fitina hiyo hiyo bila ya wa kuituliza.

Jambo kubwa zaidi ni lile la mali. Sheria ya Kiislamu, kwa madhehebu ya Shafi yafuatwayo na wenyeji, humlazimisha mume nafaka ya mkewe, yaani chakula, mavazi na makazi, ilhali mali ya mke, aliyoirithi au aliyopewa kwa mahari au aliyoichuma kwa mkono wake, ni yake, wala mume hana haki nayo ila kwa ridhaa yake. Kwa wenye mashamba wa mjini hukumu hii ilihusu nyumba na minazi. Kwa mwanamke wa uwandani, ambaye mahari yake yalikuwa madogo na urithi wake vishimo vya udongo, hukumu hii ilihusu mkeka. Bei ya mkeka ilikuwa yake. Aliweza kuitia katika upatu, ambapo wanawake wa kikao kimoja walitoa kila mmoja kiasi sawa kwa kila duru na mmoja wao akapokea jumla yote, na zamu yake ilipofika alinunua doti ya kanga, au vikuku vya fedha, ambavyo vilikuwa pambo siku ya arusi na akiba siku ya njaa. Mwenye kuuguliwa na mtoto alipewa zamu ya mwingine bila ya hati wala shahidi, kwa kuwa mashahidi wote walikuwa wamekaa pale pale wakisuka.

Na tusisahau talaka, ambayo katika mwambao huu haikuwa jambo la nadra. Mwanamke aliyeachwa alirudi kwa jamaa zake na watoto, na jamaa walimpokea, maana ndiyo desturi. Ila kupokewa na mtu mwenye mkono unaoingiza senti ni tofauti na kupokewa bure, na hata ndugu aliye karimu huona tofauti hiyo ifikapo mwezi wa tatu. Mjane naye alikaa eda yake ya miezi 4 na siku 10, hatoki nyumbani ila kwa dharura, hajipambi, lakini mkono wake haukukatazwa kusuka. Na kwa kuwa yeye hakuweza kukiendea kikao, kikao kilimwendea yeye, na baina ya wale waliokuja kumliwaza na wale waliokuja kusuka hapakuwa na mpaka unaoonekana.

Nyumba nayo ilijengwa juu ya mikeka tangu siku ya kwanza. Bi arusi aliingia kwake na mikeka yake ya rangi, ambayo mama, mashangazi na masomo walikuwa wakiiandaa tangu posa ilipokubaliwa, kila mmoja akichangia ukili wa pima kadhaa, na mshoni mmoja aliyesifika akaushona. Mtoto alizaliwa, akalazwa juu ya mkeka. Maulidi yalisomwa, barazani pakatandikwa mikeka ya majirani wote, kila mmoja ukijulikana na mwenyewe kwa pindo lake. Msala ulining'inia msumarini ukingoja adhana. Kawa lilifunika sinia la futari. Na maiti alipooshwa na kukafiniwa alichukuliwa naye kwa mkeka. Matanga yalipokaa siku tatu, nyumba yenye msiba haikutoa mkeka wake hata mmoja, ililetewa.

Kusini mwa Bwejuu na Paje kazi ya kamba ilishindana na kazi ya ukili. Makumbi ya nazi hufukiwa mashimoni pwani, mahali maji hujaa na kutoka, yakawekewa mawe yasichukuliwe na mkondo, yakaachwa miezi mingi mpaka yaoze. Ndipo hufukuliwa, harufu yake ikikutangulia mjini kabla hujafika, yakapondwa kwa gongo, yakaoshwa, usumba ukaanikwa na kusokotwa. Kufukia na kufukua si kazi ya mtu mmoja, na wanawake wenye mashimo jirani walipeana siku, leo kwako, kesho kwangu, wakiponda kwa mpigo mmoja na kuimba kwa mpigo huo huo. Usumba huo ndio ulioshona mitepe ya Lamu na Bajuni mpaka misumari ilipoiondoa baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na ndio uliotandika vitanda vya kamba vya kisiwa kizima.

Bidhaa ilikuwa ya mwanamke, lakini njia ya kwenda sokoni ilikuwa ya mwanamume. Mikeka na kamba zilikwenda mjini kwa mashua au kwa punda, baadaye kwa gari, zikauzwa kando ya soko la Darajani lililojengwa mwaka 1904, na aliyeuza alikuwa mume, kaka au mchuuzi. Na hapa hesabu ilikuwa na tabia ya kupungua njiani. Wachache walijiendea wenyewe. Aliye mashuhuri kuliko wote hakuwa mwuza mikeka bali vyungu: Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba yapata mwaka 1880 katika nyumba ya wafinyanzi, alivichukua vyungu kichwani kutoka kijijini hata mjini, akivitangaza kwa sauti, na sauti hiyo, baada ya yeye kuhamia mjini mwaka 1911, ndiyo iliyomfikisha Bombay mwaka 1928 kuingizwa katika sahani za santuri. Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Mara nyingi tunasoma habari zake kama muujiza wa kipaji kilichotokea mahali pasipo kitu. Mimi naona kinyume chake: kijiji kilichozoea kuimba kikifinyanga, kikiponda na kikisuka ndicho kilichomlea, na muujiza, kama upo, ni kwamba mmoja wao alisikika nje.

Ni wajibu pia kusema dhiki ya kazi hii, kwa kuwa wapo wanaoisimulia kana kwamba ilikuwa starehe. Ukindu hukata vidole, moshi wa rangi huumiza macho, mgongo uliopinda miaka arobaini haunyooki tena, na mwenye kuponda makumbi husimama katika tope la chumvi nusu ya siku. Bei ilikuwa duni daima. Msimu wa karafuu majamvi yalitakiwa kwa wingi, hasa Pemba, iliyoshika nafasi ya kwanza baada ya tufani ya Aprili 1872 kuing'oa mikarafuu ya Unguja. Watu wa uwandani wenyewe walikwenda kuchuma kwa ujira, ukumbi ukabaki na wazee na wanyonge, na bei ya jamvi, iliyopanda kwa miezi mitatu, ilianguka mara mavuno yalipokwisha.

Wageni wanaokuja Makunduchi kila Julai kwa Mwaka Kogwa huona wanaume wakipigana kwa magogo ya migomba, huona kibanda kikichomwa moto, huwasikia wanawake wakiimba uwanjani, wakaandika kwamba wameiona sherehe ya kijiji. Wameiona, ndiyo. Ila hiyo ni ya siku moja, na chakula wanachokirimiwa nyumbani kwa watu, kwa kuwa desturi ya siku ile haipendi mtu akose mgeni, huandaliwa na vikao vile vile vinavyokaa mwaka mzima bila ya mtazamaji.

Mabadiliko yalikuja kwa vitu vidogo. Gunia la juti liliondoa kanda, kamba ya nailoni ikaondoa sehemu kubwa ya usumba, na mkeka wa plastiki, mwepesi, unaooshwa kwa maji na kukauka mara moja, ukatandikwa katika nyumba ambazo zamani zingeona haya kuutandika. Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na katika miaka michache maelfu ya wanawake wa pwani hiyo walikuwa wakifunga vishada vyao kambani maji yanapotoka. Wengi walipata, kwa mara ya kwanza, fedha iliyofika mikononi mwao bila ya kupita kwa mchuuzi wa nyumbani. Wakavalisha watoto sare za skuli, wakaezeka bati. Walakini mwani hufuata maji, na maji hayafuati saa ya watu kukaa. Mwenye kishada chake huinama peke yake katika kamba zake, na bei huamuliwa ng'ambo. Bahari ilipozidi joto na ile aina yenye thamani kubwa ikaanza kufa, wapo waliorudi kwenye ukili, na wapo ambao hawakuuacha siku zote, wakisuka juu ya mchanga huku wakingoja maji yatoke.

Siku hizi vikundi vya ushirika vinawasukia wenye mahoteli mikoba na vikapu vya vipimo vilivyoletwa kwa karatasi, vyenye mikanda ya ngozi na zipu, na mabinti waliosoma huandika hesabu ya kikundi katika daftari, jambo ambalo bibi zao hawakulipata. Mtoaji wa vipimo hulipa kwa kila kikapu kilichokamilika, na kilichopinda pindo hurudishwa. Kwa hiyo katika kila kikundi nilichokiona pana mwanamke mzee mmoja, asiyesuka tena kwa sababu ya macho, ambaye kazi yake ni kupitisha kidole kwenye pindo na kusema fumua. Naye hulipwa sehemu sawa na wasusi, na daftari limemwandika jina.